KUMCHAGUA DALALI WA SHAMBA NA NYUMBA

Maneno ya mazungumzo kwa wananchi wa Kenyenya, Kaunti ya Kisii



Siku ya mnada wa ng'ombe kila mtu huwa mtaalamu. Mnunuzi humfungua ng'ombe kinywa akayatazama meno yake, humshika kiwele, humtembeza ili aone kama anachechemea, tena humwuliza jirani wa mwenye mali kama mnyama huyo ni mpole au huruka ua usiku. Dalali aweza kumsifu ng'ombe yule mpaka sauti ikamkauka, lakini mnunuzi hatoi hata shilingi moja kabla ya kuona kwa macho yake na kugusa kwa mikono yake. Ndivyo wazee walivyofanya, na ndivyo vijana wafanyavyo hata leo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mtu yule yule aliyetumia saa nzima kumkagua ndama, aweza kutoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kipande cha ardhi ambacho hakukifungua kinywa hata kidogo. Huonyeshwa ua, huonyeshwa njia, huonyeshwa karatasi iliyokunjwa mara nne, kisha huambiwa, "Harakisha, kuna mwingine." Naye huharakisha.

Mazungumzo haya yamekusudiwa kueleza jinsi ya kumchagua mtu wa katikati, yaani dalali au wakala, wakati wa kununua au kuuza shamba na nyumba. Na kueleza pia ipi ni kazi ya dalali na ipi si kazi yake.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na kwamba kila kilomita moja ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 950 kwa wastani. Kwa Kenya nzima wastani huo ulikuwa watu 82 tu. Kila mtu aliyezaliwa Kenyenya aelewa maana ya hesabu hiyo bila kufundishwa. Shamba ambalo babu alilima kutoka mtoni hadi juu ya kilima limegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wajukuu, hata wengine wamebakiwa na kipande kisichofikia ekari moja. Juu ya kipande hicho hicho ipo nyumba, ipo migomba, yapo mahindi na mistari michache ya majani chai, lipo zizi, na yapo makaburi ya waliotangulia. Mtu akipoteza ardhi hiyo kwa hila, hapati nyingine kwa urahisi.

Zamani ardhi ilikuwa ya ukoo, wala mtu hakuweza kuitoa kwa mgeni bila wazee kujua. Kisha ulikuja mpango ulioitwa kwa jina la Swynnerton, mwaka 1954, uliotaka mashamba ya Waafrika yapimwe na kila mwenye shamba apewe hati yake. Mwaka 1963 ikatungwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, na kila kipande kilichopimwa kikapata nambari yake, ramani yake, na ukurasa wake katika daftari la serikali. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, na mahali pake ikawekwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka huo. Lakini nambari, ramani na daftari zimebaki. Ndiyo sababu leo shamba laweza kuuzwa kwa mtu aliyetoka mbali, ambaye hajui ukoo wala mpaka. Na kwa kuwa mgeni huyo hajui, dalali amepata kazi.

DALALI NI NANI, NAYE SI NANI

Dalali ni mtu anayewakutanisha mwenye kuuza na mwenye kununua, akalipwa ujira kwa kazi hiyo. Kazi yake ni ya halali na ya manufaa. Dalali mwema ajua bei za mahali, ajua nani anauza kwa kweli na nani anajaribu tu, na huokoa siku nyingi za kutembea bure.

Lakini dalali si mwenye shamba, kwa hiyo hawezi kupokea bei ya shamba. Dalali si wakili, kwa hiyo haifai aandike mkataba. Dalali si mpimaji wa ardhi, kwa hiyo hawezi kuthibitisha mpaka kwa kunyosha kidole. Na dalali si msajili wa ardhi, kwa hiyo neno lake, "Hati ni safi," halina uzito wowote mpaka daftari la serikali liseme hivyo.

Katika Kenya iko Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, iliyotungwa mwaka 1984. Sheria hiyo iliunda Bodi ya kuwasajili mawakala, nayo yakataza mtu yeyote kuifanya kazi hiyo bila kusajiliwa. Wakala aliyesajiliwa hupewa cheti cha kufanya kazi, ambacho sharti kifanywe upya kila mwaka. Basi cheti cha miaka mitano iliyopita kilichotundikwa ukutani ni pambo tu.

Hata hivyo ni kweli isiyofichika kwamba vijijini wengi wanaoifanya kazi hii hawakusajiliwa. Huyu ni mwendesha bodaboda, huyu ni mwenye duka, huyu ni mzee aliyestaafu. Wengine ni watu waaminifu kabisa, na wengine sivyo. Mtu wa namna hiyo aweza kuonyesha njia ya kufika shambani, kama jirani yeyote awezavyo kuonyesha njia. Lakini kumpa fedha za ununuzi, au kumkabidhi hati, ni kumpandisha cheo ambacho sheria haikumpa.

MFANO WA MWALIMU NA MADALALI WAWILI

Na uchukuliwe mfano. Tuseme yuko mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekopa shilingi 600,000 katika chama chake cha akiba na mikopo. Mkopo huo utakatwa katika mshahara wake kwa muda wa miaka mitano. Ataka nusu ekari karibu na soko la Kenyenya, ajenge nyumba ya kudumu, watoto wake wasiendelee kulala katika vyumba vya kupanga.

Dalali wa kwanza alimkuta hotelini akinywa chai. Alikuwa na simu mbili na maneno matamu. Kwanza aliomba shilingi 2,000 za kuonyesha shamba, akapewa. Shamba lilikuwa zuri. Lilitazama barabara, na maji hayakuwa mbali. Kisha mazungumzo yakawa hivi:

"Mwalimu, usilale. Yuko mtu wa Kilgoris aliyeahidi kuja kesho asubuhi na fedha taslimu. Nitumie shilingi 100,000 kwa simu jioni hii, nikushikie."

"Na mwenye shamba yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mgonjwa, yuko kwa binti yake Nairobi. Mimi ndiye mkono wake wa kulia."

"Waweza kunipa nambari ya shamba?"

"Nambari utaipata ukilipa. Nikikupa sasa, utanizunguka."

Mwalimu alirudi nyumbani na simu mkononi, karibu atume fedha. Mkewe alikuwa akichambua mboga. Aliposikia habari yote aliuliza neno moja tu:

"Baba watoto, umemwona mke wa mwenye shamba?"

Mwalimu alinyamaza. Hakumwona mke, wala mume, wala mtoto wa nyumba ile. Usiku huo hakutuma kitu. Asubuhi yake walikwenda wote wawili kwa jirani wa shamba lile, mama mzee aliyekuwa akichuma chai. Yule mama alicheka kidogo, kisha akasikitika. "Wanangu," alisema, "hati ya shamba hilo ni ya marehemu baba yao. Alikuwa na nyumba mbili. Watoto wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo hawajagawana mpaka leo. Huyo anayeuza ni mmoja tu kati ya ndugu saba, na wenzake hawajui."

Shilingi 2,000 zilikuwa zimepotea, lakini 600,000 zilikuwa zimepona kwa sababu ya swali moja la mwanamke mwenye busara.

Dalali wa pili alikuwa na ofisi ndogo mjini Kisii. Hakuwa na haraka, hata mwalimu alidhani kwamba hapendi biashara. Alionyesha cheti chake cha mwaka ule bila kuombwa mara mbili. Alionyesha pia barua fupi ambayo mzee mwenye shamba na mkewe walikuwa wametia sahihi, ikisema: shamba ni hili, nambari yake ni hii, bei ni hii, na ujira wa dalali ni asilimia 3, utakaolipwa na wauzaji baada ya shamba kuandikwa kwa jina la mnunuzi. Kisha akasema:

"Mwalimu, hii ndiyo nambari ya shamba. Nenda wewe mwenyewe na mkeo katika ofisi ya ardhi mkaulize. Mkiridhika, Jumamosi nitawapeleka kwa mzee, mketi naye na mama na wanawe. Mkipendana, mtafute wakili wenu. Msimtumie wa kwangu."

Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa katika mavazi wala katika ulimi. Wa kwanza alificha nambari na mwenye mali, akaomba fedha. Wa pili alionyesha nambari na mwenye mali, wala hakuomba fedha. Mwenye kukumbuka tofauti hiyo moja amekwisha jifunza nusu ya mazungumzo haya.

MASWALI SITA YA KUMWULIZA DALALI

Kwanza, ni nani aliyekutuma? Dalali na aonyeshe idhini iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mwenye mali. Dalali aliyetumwa na dalali mwingine, aliyetumwa na dalali wa tatu, hajui shamba ni la nani.

Pili, je, umesajiliwa? Na aonyeshe cheti cha mwaka huu na kitambulisho chake, na majina yalingane. Ikiwezekana mnunuzi aulize kwa Bodi kama jina hilo limo katika orodha yake.

Tatu, ni nani atakayekulipa, kiasi gani, na lini? Jambo hili na liandikwe. Iko hila inayojulikana sana, nayo ni hii: dalali humwambia mzee kwamba mnunuzi ana shilingi 500,000 tu, kisha humwambia mnunuzi kwamba mzee ataka 650,000, naye hutia 150,000 mfukoni kimya kimya. Dawa yake ni kwamba muuzaji na mnunuzi wakutane uso kwa uso na kutaja bei mbele ya wote. Dalali anayezuia mkutano huo ana sababu yake.

Nne, ni akina nani waliowahi kununua au kuuza kwa mkono wako? Dalali mwema atataja watu wawili au watatu walio karibu. Mnunuzi na aende awaulize, kama wazazi waulizavyo habari za familia kabla ya posa.

Tano, je, umesimama upande gani? Dalali aliyeajiriwa na muuzaji hutafuta faida ya muuzaji. Hilo si kosa, lakini mnunuzi asimfanye mshauri wake. Dalali anayepokea ujira pande zote mbili bila kuwaambia hana upande ila wa mfuko wake.

Sita, bei italipwa mkononi mwa nani? Jibu la haki ni moja tu: fedha zitapitia benki, kwenda kwa mwenye mali, au zitashikwa na wakili mpaka shamba liandikwe kwa jina jipya. Jibu lingine lolote ni sababu ya kunyanyuka na kwenda zake.

NENO KWA WENYE KUUZA

Watu wengi hudhani kwamba hatari ni ya mnunuzi peke yake. Sivyo. Mzee anayeuza nusu ekari ili alipe karo ya binti yake katika chuo cha uuguzi, naye aweza kupoteza shamba na karo pamoja.

Muuzaji asimwachie dalali hati yake ya asili, ambayo wengi huiita taito, hata kwa usiku mmoja. Nakala yatosha. Hati ya asili ikitangatanga yaweza kutumiwa na mtu anayejifanya kuwa mwenyewe. Tena muuzaji asitie sahihi karatasi ambayo haikujazwa, wala hati ya kumpa mtu mwingine uwezo wa kuuza kwa niaba yake, bila wakili wake mwenyewe kumsomea neno kwa neno kwa lugha anayoielewa. Kama ni Ekegusii, basi ni Ekegusii.

Bei na aulize kwa watu watatu: jirani aliyeuza karibuni, dalali wa pili, na, ikiwa shamba ni la thamani kubwa, mthamini aliyesajiliwa. Mapatano na dalali yawe na mwisho wake, kwa mfano miezi mitatu, ili muuzaji asifungwe na mtu asiyefanya kazi.

Na mke asifichwe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema kwamba mali ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Mume anayeuza kwa siri huuza ugomvi, na mnunuzi hununua ugomvi huo.

NJIA AMBAYO DALALI HAWEZI KUIKATA

Hata dalali akiwa mwaminifu kama kaka wa tumbo moja, ziko hatua ambazo hapana budi zifuatwe.

Hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, ambao watu hupenda kuuita sachi. Mtu hujaza fomu, hulipa ada, akapewa karatasi inayosema jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama limewekwa rehani benki au limewekewa zuio. Upekuzi ufanywe na mnunuzi au wakili wake. Karatasi ya upekuzi iliyoletwa na dalali isiaminiwe mpaka irudiwe. Yafaa pia kuomba habari za ukurasa mzima wa shamba katika daftari, ambao huitwa kadi ya kijani, kwa maana huo ndio uonyeshao jinsi shamba lilivyopita kutoka mkono hadi mkono.

Mwenye kudhani kwamba hati peke yake yatosha na akumbuke hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya ya mwaka 2023 katika kesi ya Dina Management Limited na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ardhi iliyogombaniwa ilikuwa ufukweni mwa bahari huko Nyali, nayo ilikuwa imegawiwa mtu kwanza mwaka 1989. Kampuni iliyoinunua baadaye ilikuwa na hati mkononi. Mahakama iliamua kwamba hati inapopingwa, mwenye nayo hawezi kuipungia tu hewani. Sharti aonyeshe kwamba tangu mwanzo ilipatikana kwa njia ya halali. Kampuni ikashindwa. Ikiwa jambo hilo lilimpata tajiri mwenye mawakili, mwenye nusu ekari na ajihadhari zaidi.

Hatua ya pili ni kwenda shambani pamoja na mpimaji wa ardhi na ramani ya serikali, majirani wa pande zote wakiwapo. Shamba la kwenye karatasi na shamba la chini ya miguu yaweza kuwa mawili tofauti. Hapo ndipo mambo ya njia ya kwenda mtoni, mti wa mpakani na makaburi huzungumzwa waziwazi, kabla fedha hazijatoka.

Hatua ya tatu ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, yataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi. Maneno ya hotelini, hata yakisemwa mbele ya watu 10, hayatoshi.

Hatua ya nne ni Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1967, Sura ya 302, shamba la kilimo lililo nje ya miji na masoko haliuzwi bila kibali cha bodi hiyo, na ombi sharti lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano kufanywa. Pasipo kibali mauzo huwa batili, ijapokuwa fedha zimelipwa zote. Wengi wamejenga nyumba na kupanda migomba juu ya shamba ambalo kwa sheria halijawa lao, kwa kuwa dalali aliwaambia, "Mambo ya bodi tutayafanya baadaye." Baadaye hiyo haikufika.

Hatua ya tano ni ushuru wa stempu, ambao mnunuzi hulipa: asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani, na asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Muuzaji naye aweza kudaiwa kodi ya faida, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida aliyoipata; lakini iko misamaha, ukiwamo wa mashamba madogo ya kilimo yaliyo nje ya miji, basi na aulize. Mwisho wa yote ni kuandikwa kwa jina jipya katika daftari. Hapo tu ndipo shamba limenunuliwa.

SHAMBA LA MAREHEMU, NA NDUGU WALIO MBALI

Mambo mawili yanahitaji neno la peke yake, kwa kuwa ndiyo yanayowaumiza watu wengi.

La kwanza ni shamba ambalo hati yake ingali na jina la marehemu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haimruhusu mtu kuiuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijatoa barua ya usimamizi na kuithibitisha. Mwana mkubwa hawezi, mjane peke yake hawezi, wala chifu hawezi kuwapa ruhusa. Dalali akisema, "Familia imekubaliana, andikeni tu," jibu ni hili: "Vema, na waende mahakamani kwanza, kisha turudi."

La pili ni ndugu walio ng'ambo. Abagusii wengi wamehamia Marekani, hasa katika jimbo la Minnesota, nao hufanya kazi usiku na mchana katika nyumba za wazee na hospitali ili wanunue ploti nyumbani. Fedha hutumwa kwa mjomba, mjomba humpa dalali, dalali hutuma picha ya shamba zuri. Miaka mitatu baadaye mwenye fedha hurudi kumzika mzazi, akaomba kuonyeshwa ploti yake, na watu wote wakatazama chini. Picha si hati. Ndugu aliye mbali na aajiri wakili wake mwenyewe, amlipe mwenye mali kwa benki, na aagize nambari ya shamba ipekuliwe kabla ya kutuma senti. Kufanya hivyo si kumdharau mjomba. Ni kumlinda mjomba asiingie katika aibu ambayo haina mwisho katika ukoo.

MTU AKIISHA KUDHULUMIWA

Aliyekwisha kutoa fedha kwa hila asikae kimya kwa kuona haya. Haya ya mwenye kudhulumiwa ndiyo ngao ya mdanganyifu. Na akusanye kila karatasi, kila ujumbe wa simu na kila risiti ya M-Pesa, aende polisi akaandikishe habari. Mwenye mkataba aweza kuomba zuio katika ofisi ya ardhi, ili shamba lisiuzwe kwa mtu mwingine. Ikiwa mauzo yalikuwa batili kwa kukosa kibali cha bodi, sheria yampa mnunuzi haki ya kudai fedha zake kama deni. Na iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo husikiliza kesi mjini Kisii. Wazee wa ukoo waweza kupatanisha, na mara nyingi hufanya vema. Lakini mapatano yao nayo yaandikwe.

MWISHO WA MFANO

Mwalimu yule na mkewe waliendelea na dalali wa pili. Upekuzi ulipofanywa, jina katika daftari lilikuwa la mzee yule yule waliyekunywa uji nyumbani kwake. Mpimaji alipofika, ilionekana kwamba ua ulikuwa umeingia shamba la jirani kwa hatua tatu, ukarudishwa siku hiyo hiyo bila ugomvi. Mbele ya bodi, mama mwenye nyumba aliulizwa kama amekubali kuuza, naye akajibu kwa sauti, "Nimekubali, nimeihesabu karo ya mtoto wangu." Kazi yote ilichukua zaidi ya miezi mitano. Dalali alilipwa asilimia zake 3 siku ya mwisho, akapeana mikono na watu wote, na hata leo hupita njia ile bila kujificha.

Wazee wa pwani wana neno lao: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa milimani nao wajua kumfungua ng'ombe kinywa. Mwenye kuyaunganisha maneno hayo mawili, akaitazama ardhi kwa macho ya mnada na kuiandika kwa kalamu ya daftari, atamchagua dalali mwema. Na hata akikosea akachagua mbaya, dalali huyo hatapata nafasi ya kumla.